Mpishi wa Magogo

Kabla shoka halijagusa gome, mchoma mkaa anauzunguka mti taratibu, uso juu. Anatafuta nyuki, kiota, tawi kavu linaloweza kumwangukia, na upande ambao mti wenyewe umekwisha kuegemea. Kisha macho yanashuka na shina mpaka chini. Anaweka kiganja usawa wa goti lake, na hapo ndipo atakapokata. Myombo ukikatwa chini kabisa, kisiki kinaoza. Ukikatwa juu mno, machipukizi yanaota mbali na mizizi na upepo unayabandua. Mkato wenyewe anaulaza mshazari kidogo, ili maji ya mvua yateleze yasituame.

Tuko Masanze, kusini mwa mji wa Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi. Ni kiangazi, nyasi zimeshapoteza rangi. Mzee huyu amepita miaka sitini, mwembamba, si msemaji. Anasaidiwa na kijana wa kidato cha tatu aliye likizoni, mtoto wa dada yake, na kwa Wasagara mjomba ni mtu mzito: akisema gogo litolewe lipangwe upya, linatolewa. Kijana amekuja na daftari la kemia ndani ya mfuko wa plastiki, kalining'iniza kwenye tawi. Kila wanapopumzika analishusha, anakariri maneno ya Kiingereza yanayohusu moto, maana ndiyo atakayoulizwa shuleni. Mjomba wake hajui hata moja kati ya hayo, na ndiye aliyeushika moto tangu ujana wake.

Miti haikatwi ovyo hapa. Tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya ya Kilosa, vikiwemo Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Dodoma Isanga, viliingia katika mradi wa mkaa endelevu ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, mtandao wa MJUMITA na shirika la TaTEDO, kwa fedha za serikali ya Uswisi. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, mithili ya bao la drafti: kimoja kinavunwa, cha jirani yake kinaachwa. Kitalu kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24 ndipo kiguswe tena. Mninga na mpingo haviingii tanurini, vinasubiri wapasua mbao. Mzee anafuata utaratibu huo bila maelezo mengi. Alinionyesha kisiki kilichokatwa miaka kadhaa nyuma, kimezungukwa na machipukizi yaliyompita kimo, kisha akaendelea na kazi.

Magogo anayakata kwa urefu wa kati ya mita moja na mbili, akiyapima kwa mpini wa shoka, na kuyaacha juani wiki mbili au tatu. Mtu mwenye haraka hapa ndipo anapojikata mwenyewe. Mti mbichi umebeba maji mengi, na maji hayo lazima yachemke yatoke kabla mkaa haujaanza kufikiriwa. Yatachemshwa na nini? Na kuni zilezile zilizomo ndani. Kila tone lisilokaushwa na jua litakaushwa kwa kuteketeza sehemu ya mzigo. Kwa hiyo mzee anangoja, na wakati akingoja anatafuta udongo.

Udongo ni nusu ya ufundi wake. Kichanga kitupu kinapukutika, kinapenya kati ya magogo na kuacha matundu juu. Mfinyanzi mtupu ukikauka unapasuka, na kila ufa ni mlango wa hewa. Anataka uliochanganyika. Anauokota, anaufinya, anafungua kiganja: ukibaki donge kisha ukavunjika kwa kidole kimoja, anaridhika. Mahali palipowahi kupikiwa mkaa anapapenda zaidi, kwa kuwa udongo wake umekwisha kupitiwa na moto na kuwa laini. Mawe na mizizi anaitoa kwa mkono. Mzizi ulioachwa ndani ya udongo wa tanuri utaungua, na utakapokwisha kuungua utakuwa umeacha bomba la kupitisha hewa.

Kisha anapanga. Chini anatandaza miti mirefu myembamba, sambamba, kwa urefu wote wa tanuri. Anaiita reli. Kazi yake ni kuinua mzigo kutoka ardhini ili hewa ipate njia. Juu ya reli magogo yanalazwa kukingama, manene katikati, ambako joto litakaa muda mrefu, membamba pembeni na kwenye ncha. Gogo lililopinda linageuzwa mpaka mpindo wake upate pa kukaa. Kila safu ikimalizika anapitisha mkono kati ya magogo: mkono ukipita, pengo ni kubwa, linajazwa vijiti. Kijana aliweka gogo lake, akasimama kulitazama. Mjomba akalitoa, akaligeuza ncha kwa ncha, akalirudisha, na kweli likashuka vidole viwili zaidi. Hakumkaripia. Alimpa lingine.

Wakati wa mapumziko kijana aliuliza neno lililomkaa kichwani: "kiln". Daftari linasema ni tanuri, basi. Nikamwambia nilichokuwa nakijua, kwamba Waingereza walilipata zamani sana kutoka Kilatini, na kwamba kwa Walatini "culina" lilikuwa jiko, chumba cha kupikia chakula. Mzee, aliyekuwa akinoa panga, alisikia.

"Sasa si ndivyo?" alisema. "Mkaa haupaswi kuchomwa. Ukichoma unapata majivu. Mkaa unapikwa."

Kisha akarudia kunoa. Sisi wenye Kiswahili tunamwita mchoma mkaa bila kuwaza, na jina hilo limemponza, kwa kuwa mtu wa mjini akilisikia anaona mtu anayetia msitu kiberiti. Aliyesimama kando ya tanuri hili siku nzima ataona kinyume chake. Kazi yote ni kuuzuia moto usifanye unachotaka.

Mrundo ukishafika usawa wa kifua, unavikwa. Kwanza nyasi mbichi na matawi yenye majani, zimelazwa kwa wingi ili udongo usichuruzike ndani. Halafu udongo wenyewe, beleshi baada ya beleshi, kuanzia chini kwenda juu, unene wa shibiri moja pande zote. Mzee anaupigapiga kwa mgongo wa beleshi na kuusikiliza. Panapolia kwa uwazi anaongeza. Ncha moja anaacha mlango, upande ambao upepo hauji kwa kishindo. Ncha ya pili anasimamisha bomba la bati la kutolea moshi, na hilo ndilo linalotofautisha tanuri hili la asili lililoboreshwa na lile la mababu. Bomba linauvuta moto kutoka mlangoni kwenda mwisho wa tanuri kwa mwendo mmoja, badala ya kuuacha uzurure.

Siku ya kuwasha hapana shamrashamra. Makaa ya moto yanatolewa kwenye mafiga waliyopikia uji, yanabebwa juu ya beleshi, yanaingizwa mlangoni kwenye nyasi kavu na vipande vidogo. Mzee anachuchumaa. Moto unashika, unalia, unaanza kula magogo ya mbele, na mtu mwingine yeyote angefurahi. Yeye anasubiri mpaka uhakika ujae usoni mwake, kisha anaufungia ndani: magogo mafupi mlangoni, nyasi, udongo, beleshi ya mwisho. Mwali hauonekani tena mpaka kazi iishe.

Hapo nilikumbuka neno jingine la Kiingereza lenye asili ya Kilatini, ambalo Afrika Mashariki imelijua kwa uchungu. Wakenya walipofungiwa ndani usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020 mpaka tarehe 20 Oktoba 2021, kwa sababu ya korona, waliita kafyu. Kafyu ni "curfew" ya Kiingereza, iliyotoka Kifaransa cha kale kwa maana ya "funika moto". Katika miji ya Ulaya ya zamani, yenye nyumba za mbao na mapaa ya nyasi, kengele ilipigwa jioni ili kila nyumba ifunike makaa yake kwa majivu kabla ya kulala. Na moto huo wa Kifaransa nao ulitokana na "focus" ya Kilatini, mahali pa mafiga nyumbani. Wanafizikia walikuja kulichukua neno hilo kutaja nukta ambapo miale ya lenzi inakutana na kuunguza karatasi. Polisi wenye virungu, lenzi ya maabara na jiko la bibi vimetoka tumbo moja. Kijana alicheka, akaandika pembeni ya daftari. Mjomba wake alikuwa amekwisha kufunika moto na sasa alikuwa akitoboa vitundu vidogo kwa kijiti, chini kabisa ya tanuri, kimoja kimoja.

Kuanzia hapa anausoma moshi. Mwanzoni unatoka mweupe, mzito, wa baridi ukiuweka mkono juu yake, na bomba linadondosha maji. Ni mti unaotoa jasho. Siku za mvuke huu tanuri halina hatari kubwa, lakini pia halina mkaa hata kipande. Baadaye moshi unageuka wa manjano, unawasha macho, unanuka siki na lami. Joto la ndani limefika kama nyuzi 270 au 280, na mti umeanza kuvunjika wenyewe, ukitoa joto lake bila kuhitaji kuchochewa. Mzee hana kipimajoto. Anatembeza kiganja juu ya udongo, hatua kwa hatua, akisimama kila urefu wa mkono, na anaweza kukuonyesha mpaka ulipo: huku umepita, huku haujafika. Nilijaribu nikaona udongo wote ni wa moto.

Moshi ukigeuka mwembamba wa buluu mbele ya tundu fulani, magogo ya hapo yameiva. Tundu linazibwa na lingine linafunguliwa mbele yake. Hivyo ndivyo moto unavyoongozwa kutoka mlango hadi bomba, kwa kuuwekea hewa kidogo pale unapotakiwa na kuunyima nyuma yake. Hewa ikizidi, mkaa ulioiva unateketea na kuwa majivu. Ikipungua mno, moto unakufa katikati na kuacha vipande vya kahawia visivyo mkaa wala kuni, ambavyo mnunuzi anavitambua kwa moshi wake jikoni.

Usiku ndio mgumu. Magogo yanapoiva yananywea, udongo unadidimia, na pale unapodidimia ghafla tanuri linatoboka. Tundu la ukubwa wa sahani lisipozibwa kwa saa chache linaweza kula kazi ya wiki nyingi. Kwa hiyo mzee analala kwenye kibanda cha nyasi hatua chache kutoka hapo, na halali. Anaamka, anazunguka na tochi, anasikiliza. Akiona wekundu anaweka nyasi mbichi kwanza, kisha udongo, akisimama pembeni na kunyoosha beleshi. Juu hapandi. Wako wachoma mkaa waliokanyaga juu ya tanuri lililokuwa tupu ndani. Kijana aliponyanyua mguu apande, ndiyo mara pekee niliyomsikia mjomba akipaza sauti.

Malipo ya kukesha huko yanaonekana kwenye mizani. Matanuri ya kawaida ya udongo hutoa kati ya kilo 10 na 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Lililopangwa vizuri, lenye bomba na mtu macho, huvuka 20. Tofauti hiyo ni miti ambayo haikukatwa. Sijawahi kuona ikitajwa kwenye hotuba za kuwalaani wachoma mkaa, na sijui tunamwonea haya nani, kwani kilimo ndicho kinachomaliza misitu mingi zaidi Tanzania. Shamba jipya linang'oa hata kisiki. Kisiki cha mzee kinachipua.

Moshi wa buluu ukishatoka mpaka bombani, anaziba kila kitu. Bomba linang'olewa, tundu lake linafukiwa, vitundu vyote vinakandikwa. Anazunguka tanuri akinusa. Hapo linaachwa lipoe kwa siku kadhaa, na hakuna kitu cha kufanya ila kuzuia mikono. Wanaovunja mapema huona makaa yanawaka mbele yao mara tu hewa inapoingia.

Anafungua alfajiri, wakati jicho linaona wekundu wowote uliojificha. Udongo unaondolewa kwa kipande tu, si tanuri zima, reki inaingia, mkaa unavutwa nje na kusambazwa, na kijana amesimama na udongo mkavu tayari kufukia chochote kinachopumua moshi. Kilichotoka kilinishangaza. Magogo yalikuwa bado magogo. Gome limebanduka, urefu umepungua kidogo, lakini pete za umri zinahesabika, fundo la tawi lipo mahali pake, hata tundu la mdudu. Mzee aliokota kipande, akakigonga kwa kingine. Kililia kwa sauti kavu, nyembamba. Akaokota cha pili, kikatoa sauti butu, akakitupa kando: hakikuiva.

Kijana alikuwa na swali la mtihani. Kwa nini inaitwa kaboni? Mwaka 1787 jijini Paris, Lavoisier na wenzake watatu walichapisha utaratibu mpya wa kutaja vitu vya kemia, na kile kinachobaki mkaa ukisafishwa kabisa walikiita "carbone", kutoka "carbo", ambalo ni mkaa kwa Kilatini. Kiswahili nacho hakikwenda mbali: hewa inayosemwa kwenye mikutano ya tabianchi tumeiita hewa ukaa. Kwa hiyo alichokuwa nacho mkononi, nilimwambia, ndicho mwenye jina, na kitabu kimeazima. Alikitazama kile kipande, akapaka doa jeusi kwenye ukurasa wa daftari, kando ya neno lenyewe. Sidhani mwalimu wake atapenda.

Mkaa unalala usiku mmoja nje, umetandazwa, kabla haujaingia kwenye magunia, kwa kuwa kipande kimoja kilichobeba cheche ndani kinaweza kuunguza lori zima. Kisha unachambuliwa. Mawe kando, visivyoiva kando, chenga kando. Ujazaji una ustadi wake: vipande virefu vinasimamishwa pembeni, vidogo vinamiminwa katikati, gunia linatikiswa, linaongezwa, na mdomo unafungwa kwa kamba iliyosukwa huku na huku juu ya nyasi zinazoshikilia. Ukilibeba halipukutishi.

Biashara hii ina wakati mgumu mbele. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mkaa haumo. Nilimuuliza mzee kama kijana atarithi kazi. Alisema kijana atakuwa daktari, kisha akamtuma akachote maji.

Mnunuzi alifika mchana na gari dogo la mizigo, pamoja na msaidizi na mizani. Aliinua kipande, akakigonga kwa kingine, hakusema kitu, maana yake ameukubali mkaa. Ubishi ukaja kwenye ujazo. Alitaka lumbesa, gunia lililopandishwa kichwa mpaka linazidi kimo chake. Mzee alikataa.

"Gunia ni gunia, bwana mkubwa. Stakabadhi ya kijiji imeandikwa gunia."

"Mzee wangu, Morogoro wananipa lumbesa."

"Basi nenda Morogoro."

Walicheka wote wawili, kwa namna ya watu waliokwisha kugombana hivyo mara nyingi, kisha wakaanza kupima. Kijana alihesabu kwa sauti. Kwenye gunia la mwisho mjomba wake aliongeza vipande vitatu juu, bila kuombwa, akaufunga mdomo mwenyewe.

"Hivyo ni vya kwako nyumbani," alimwambia mnunuzi. "Si vya kuuza."

Gari lilipoondoka alichukua beleshi akaanza kurudisha udongo kwenye ardhi nyeusi, akiutenga na mabaki ya mizizi, kwa ajili ya magogo mengine yaliyokuwa yakikauka upande wa pili wa njia.